Mwaka wa pili bila ugali, na bado nagombana na sinia

Ramadhani ya mwaka 2023 nilifunga mwezi mzima na nikatoka na kilo nne zaidi. Nilipanda mizani ya duka la dawa mara tatu. Viatu nikavua, simu na funguo nikaviweka kaunta, na mshale ukasimama palepale: 104.

Anayezijua futari za Tanga hatashangaa. Uji wa pilipili manga kwanza, kisha mihogo ya nazi, magimbi, tambi, maharage ya nazi, na bakuli la kaimati zinazoogelea kwenye shira. Ukirudi kutoka tarawehe kuna chai na sambusa, usiku wa manane daku ya wali. Mchana tunafunga mdomo, usiku tunaulipa fidia na riba juu.

Mwezi uliofuata nikapima ule wastani wa sukari ya damu wa miezi mitatu, ukaja asilimia 6.3. Daktari akaniambia niko mlangoni mwa kisukari. Baba yangu aliuvuka mlango huo, akakatwa mguu kabla hajafa, kwa hiyo sikuhitaji kusimuliwa kilichomo ndani.

Mpwa wangu aliyeko Maskati ndiye aliyenitumia video za Wamarekani wanaokula nyama tupu. Nyama, samaki, mayai, chumvi, maji, basi. Hakuna wali, mkate, tunda wala mchicha. Wenyewe wanaita kanivo. Nikacheka, nikamwambia haya ni mambo ya watu wenye mafriji makubwa. Wiki mbili baadaye nikaanza, na mpaka leo naendelea, mwaka wa pili unakwenda ukingoni. Nina kilo 84.

Watu huniuliza niliwezaje kuishinda njaa. Njaa mimi haikunisumbua sana. Njaa unaizoea ndani ya wiki tatu. Watu ndio hawazoeleki.

Lakini wiki ya kwanza niisimulie, maana wengi huishia hapo. Kichwa kiligonga kama kuna mtu anasaga kisamvu ndani. Usiku misuli ya miguu ilikaza, na nikiinuka kutoka sijda nilishika ukuta. Nilidhani ni ukosefu wa wanga, kumbe ni chumvi. Ukiacha wanga insulini inashuka, na ikishuka, figo zinaiachia chumvi iende, na chumvi haiondoki bila maji. Juu ya hapo, wanga ambao mwili umeuweka akiba kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji, karibu gramu tatu kwa kila gramu moja. Akiba ikiisha, maji nayo yanaaga. Siku ile ya saba nilikuwa nimepungua kilo tano, nikapiga picha mizani na kuwatumia ndugu. Kwa kweli nilikuwa nimekojoa tu. Mafuta yalikuwa yamekaa palepale yananitazama. Dawa ikawa supu ya makongoro yenye chumvi ya kutosha, bakuli moja asubuhi, na kizunguzungu kikakatika.

Kosa la pili lilikuwa steki. Maisha yangu yote nimeenda bucha ya Ngamiani nikisema neno moja: usiniwekee mafuta. Kila mteja husema hivyo, ni kama salamu. Nikaendelea hivyohivyo, nusu kilo ya steki nyekundu kwa siku, na siku ya nne tumbo likaharibika, nikawa mtu wa chooni, mnyonge, nakula sishibi. Baadaye nikasoma habari za Vilhjalmur Stefansson, mpelelezi aliyeishi na Wainuit kule kaskazini ya Kanada. Mwaka 1928 yeye na mwenzake Karsten Andersen waliingia hospitali ya Bellevue, New York, wakaanza mwaka wa kula nyama tupu chini ya macho ya madaktari. Stefansson alipewa kwanza nyama isiyo na mafuta, na ndani ya siku chache akaumwa tumbo. Aliporudishiwa mafuta akapona. Na mimi nikarudi buchani.

"Leo niwekee mafuta."

Muuzaji akasimama na kisu hewani. "Mafuta gani, bosi?"

"Hayo unayotupa. Na kama kuna nundu, nikatie."

"Unafuga mbwa?"

"Nakula mwenyewe."

Mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, si kwa kunong'ona, kwamba huenda natengeneza sabuni.

Kufunga kulikuja baadaye, na huku ndiko kulikonishangaza zaidi. Video zile huieleza habari ya kufunga kana kwamba imegunduliwa juzi California. Kula mlo mmoja kwa siku, kufunga siku moja na kula siku moja. Siku moja ule, siku moja ufunge: tangu chuoni tunaijua kama funga ya Daudi. Bibi yangu alifunga kila Jumatatu na Alhamisi mpaka uzeeni, na zile siku tatu za mbalamwezi, tarehe 13, 14 na 15, na sikumbuki hata siku moja akizitangaza. Mwaka 2016 Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi chembe hai zinavyojila na kujisafisha zenyewe, na tangu hapo kila anayeruka chai ya asubuhi anajiona anafanya sayansi. Ohsumi alitumia hamira. Mimi si hamira, na sitamwambia mtu kwamba saa 18 bila chakula zimenisafisha chembe zangu, maana sijaziona.

Ninachojua ni cha jikoni zaidi. Siku ya kufunga ni siku ambayo sibishani na mtu. Siulizi nile nini, siulizwi kwa nini sili. Jumatatu na Alhamisi nafunga swaumu, nia ya ibada, hata maji sinywi. Siku nyingine nakula mara moja, saa kumi na nusu jioni nikitoka kazini, na mchana nakunywa maji na kahawa chungu ya dele. Hizo za pili siziiti swaumu. Zamani kidogo, mtu akinikaribisha chakula siku isiyo ya funga nilijibu "nimefunga", na mtu mzima akanitakia Mungu anikubalie. Nilijisikia mwizi. Siku hizi nasema nimeshakula au nitakula jioni, hata kama jibu hilo linazaa maswali.

Hapa niseme jambo moja bila mzaha. Kama unachoma insulini, au unameza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, usinifuate mimi wala video yoyote. Ukiacha wanga au kula huku dozi imebaki ileile, sukari itashuka mpaka uanguke. Jirani yangu alianguka uwanjani kwake Alhamisi moja, na alikuwa ameanza kwa kunitazama mimi. Alipona, lakini mkewe hajanisamehe na ana haki.

Sasa sinia.

Asiyekula kwenye sinia hawezi kuelewa ugumu wangu. Shughulini mnakaa wanne au watano, sinia la pilau katikati, na lina adabu zake. Kila mtu anakula upande wake. Mkono hauvuki. Nyama iko juu katikati, na haina mwenyewe mpaka mkubwa wa sinia aimegue na kumsogezea kila mmoja fungu lake. Mtoto anayeparamia nyama mapema hupigwa jicho moja tu, akajua. Sasa chukua mwanaume wa miaka 46, kanzu imepigwa pasi, ameketi hapo na hagusi wali.

Mara ya kwanza ilikuwa ndoa ya binti wa jirani. Nilichukua kipande kimoja nikala. Nikangoja. Nikachukua cha pili. Mzee aliyekuwa mkubwa wa sinia aliacha kutafuna, akanitazama kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi. "Mwanangu," akasema, "nyama hii ni ya watu wanne."

Nikaanza kumweleza. Insulini, wanga, sukari ya 6.3. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mroho aliyekwenda shule. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akasukuma kipande kingine upande wangu na kusema, "Basi kula, usije ukafa hapa." Wenzetu wakacheka. Kile kipande sikukimeza vizuri mpaka leo.

Nimejaribu njia zote. Nimejaribu kula nyumbani kwanza na kukaa kwenye sinia nikichezea punje, waandaji wanaudhika. Nimejaribu kutokwenda kabisa. Hiyo ni mbaya zaidi, maana usipokula kwa watu, na kwako hawatakuja, na siku ya msiba wako utajibeba mwenyewe. Mwisho nikafikia uamuzi ambao wana kanivo wa mtandaoni wangeniita msaliti: harusini na hitimani nakula pilau. Nakula upande wangu kama watu, nanawa, kesho yake naamkia supu. Kwa mwaka hutokea kama mara kumi na mbili. Asubuhi yake uso unavimba kidogo na njaa inanivamia saa nne kama zamani, inakaa siku mbili, inaondoka. Wanaoshindwa huwa hawashindwi siku ya pilau. Hushindwa kesho yake, wakijiambia kwamba kwa kuwa nimeshaharibu, ngoja nimalizie na wiki.

Nyumbani kulikuwa na kesi yake. Kilo ya nyama ya ng'ombe haipungui elfu kumi siku hizi, na mimi nilikuwa nakula zaidi ya nusu kilo kwa siku mbele ya watoto watatu wenye ugali na dagaa. Mke wangu hakusema kitu kwa wiki tano. Ya sita akasema, "Baba Salma, watoto wanauliza kama wewe ni mgonjwa au ni tajiri." Hapo ndipo kufunga kulipoanza kulipa bili. Siku mbili za funga kwa wiki, chai ya asubuhi na wali wa mama ntilie nilivyoviacha, soda niliyoiacha: tulipiga hesabu kwenye daftari lake la vikoba, na pengo likaziba zaidi ya nusu. Lililobaki nikaliziba kwa kushuka daraja. Makongoro badala ya steki, utumbo, maini mara moja kwa wiki, mayai kwa trei. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, nikashuka soko la samaki la Deep Sea alfajiri, mashua zikiingia, nikanunua samaki kwa fungu kabla madalali hawajaamka vizuri. Jioni ya samaki tunakula wote, isipokuwa ugali unapita mbele yangu bila kusimama.

Kuna hoja moja inanichosha: kwamba Wamasai wanaishi hivi na hawaugui. Daktari Mmarekani, George Mann, aliwapima Wamasai wa Tanganyika na mwaka 1964 akaandika kwamba kolesteroli yao ilikuwa chini na magonjwa ya moyo hakuyaona sana. Hilo husemwa kila siku. Kisichosemwa ni kwamba mwaka 1972 Mann huyohuyo alieleza mioyo na mishipa ya Wamasai 50 waliokwisha kufa, na mishipa ile ilikuwa na utando wa mafuta; kilichowasaidia ni kwamba ilikuwa mipana, na yeye alidhani ni kwa sababu ya kutembea. Halafu chakula chao cha kila siku kilikuwa maziwa zaidi kuliko nyama. Nilimuuliza mlinzi wa mtaani kwetu, Mmasai wa Kiteto. Akaniambia kula nyama tupu kwao ni jambo la olpul: vijana wanakwenda porini na ng'ombe, wanakula nyama na supu ya magome kwa siku kadhaa, kisha wanarudi nyumbani. "Ina mwisho," akasema. Wakati ananiambia hayo alikuwa anakoroga ugali.

Na mimi pia nimepima. Sukari imeshuka mpaka 5.5, mafuta ya trigliseridi yamepungua kwa nusu, magoti hayalii. Lakini kolesteroli aina ya LDL, ile wanayoiita mbaya, imepanda kutoka 3.3 hadi 4.7, na daktari hakufurahi. Mtandaoni kuna watu watakaokuambia LDL haina maana kwa mla nyama. Sina ujasiri huo. Mwaka 2015 lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka nyama nyekundu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na soseji na jamii yake kwenye kundi la vilivyothibitika. Kwa hiyo soseji siigusi, nyama ya kuchoma mpaka iungue nimeipunguza, na samaki wamepanda hadi siku nne kwa wiki. Napima tena mwezi wa tisa. Ikibaki juu, mchicha utarudi mezani, na wala sitaona haya.

Tende moja ya kufuturia nimekuwa nakula muda wote. Mpwa wangu anasema hiyo inavunja kanivo. Nimemwambia aje anipokonye.

Jumamosi iliyopita nilikuwa buchani, foleni ndefu. Mbele yangu kijana anapimiwa kilo moja na nusu, na kabla muuzaji hajamaliza kukata, kijana akapaza sauti, "Kaka, usiniwekee mafuta!" Muuzaji hakujibu. Aliyachana mafuta kwa kisu, vipande viwili vinono vyeupe, akanitazama juu ya bega la kijana, akavirusha kwenye mfuko uliokuwa unaning'inia pembeni ya mizani. Haukuandikwa jina, ila kila mtu kwenye foleni aligeuka kunitazama.