Nani Kachomeka?

Huko Ulaya muziki wangu unaitwa wa majaribio. Hapa Manzese unaitwa singeli, na baba mwenye nyumba wangu anauita mashine ya kusaga. Mapigo yanaanzia 200 kwa dakika, wenye wazimu zaidi wanafika 300. Unachukua kinanda cha taarabu au cha mchiriku wa zamani, unakikata vipande, unakikimbiza mpaka kinalia kama vifaranga. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, hapo Mburahati tu, na wenzetu wakaanza kupanda ndege. Mimi nikaendelea kupanda daladala na kompyuta ambayo kibonyezo kimoja nimekigandishia kizibo cha soda.

Kwenye fani hii kila mtu ana kinanda kilekile, kwa hiyo ukitaka kusikika utafute sauti yako. Mimi narekodi makondakta, masufuria ya mama ntilie, chochote. Usiku mmoja niliacha simu dirishani inase mvua kwenye bati. Baba mwenye nyumba akatoka koridoni kufoka, kama kawaida ya nyumba yenye wapangaji wengi na luku moja: "Nani kachomeka pasi? Nauliza, nani kachomekaaa?"

Asubuhi nikasikiliza. Mvua haikufaa kitu. Lakini ile "kachomekaaa", weee! Nikaikata, nikaitupia kwenye 260, nikaipachika king'ora.

Jumamosi kulikuwa na kigodoro mtaa wa nyuma, wanamtoa mwali. Turubai limefungwa, spika zimepandana hadi usawa wa dirisha, umeme umevutwa kwa ekstensheni inayopotelea uchochoroni. Ilikotoka sikuuliza. DJ haulizi umeme, anachomeka.

Ilipofika saa nne hivi nikaachia ile ngoma. Kina mama wakakaza kanga viunoni, vumbi likapanda, watoto waliotakiwa kuwa wamelala wakawa juu ya mapipa. Kiitikio kiliporudi mara ya pili walishakijua. MC anauliza, "Nani?" Mtaa mzima unajibu, "Kachomekaaa!"

Mara kimya. Giza. Luku imekata.

Watu hawakujali. Wakawasha tochi za simu, wakaendelea kuitikia kwa makofi. Na katikati ya tochi hizo akatokea baba mwenye nyumba, msuli na fulana ya ndani, ameshika ule waya wa ekstensheni ambao ameufuata hatua kwa hatua kutoka sebuleni kwake. Kumbe mkewe alishakubaliana na mama wa mwali kwa sahani mbili za pilau, yeye hana habari. Akasimama mbele ya spika, akavuta pumzi.

"Nani kachomekaaa?"

Lo! Vigelegele vilivyopigwa pale, hata bwana harusi hajawahi kupigiwa. Watu walidhani nimewaletea mwenye sauti yake. MC akamshika mkono akamkabidhi maiki. Wakati huo mjomba wa mwali alikuwa ameshanunua umeme kwa simu, anasoma tarakimu 20 kwa sauti mbele ya mita, wanamchanganya na kelele, anaanza upya. Umeme ukarudi mzee yuko na maiki mdomoni.

"Hii luku yangu! Nimeweka elfu tano jana!"

Vidole vyangu havina adabu. Nikamwekea ngoma chini yake.

"Elfu tano!" akapiga kelele.

"Jana!" wakajibu.

Mama mmoja akaja anakata mauno taratibu, akambandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso. Mzee akafungua mdomo amkaripie, mwingine akamtumbukizia elfu moja kwenye kofia. Nilikuwa karibu, nikaona hasira ikitafuta pa kutokea isipaone. Bega la kushoto ndilo lililoanza kutikisika. Mengine yakafuata.

Jumatatu alfajiri nikasikia hodi. Nikajua leo natolewa na godoro langu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa, ule wimbo wetu..."

Wetu! Akakaa kitandani, akaanza kutoa maelekezo. Kwanza nipunguze mwendo ufike 180, ana presha. Pili nirudishe kikohozi chake, nimekikata bila kumshirikisha, na pale ndipo penye utamu. Tatu, shughuli ijayo lini, na malipo yake yanakuwaje?

Nikaona mlango wa rehema. Nikamwambia, mzee wangu, basi tukate humohumo kwenye kodi ya mwezi huu, mambo yaishe.

Akanitazama kwa huruma.

"Kijana, kodi ni ya baba mwenye nyumba. Mimi hapa nimekuja kama msanii."