Tageti ya tabianchi kwa mama lishe: aanzie kwenye mkaa au aachwe kwanza?

Siku hizi semina yoyote ya wajasiriamali haikosi kipindi cha mabadiliko ya tabianchi, na mwisho wake mnaambiwa kila biashara hata iwe ndogo vipi ijiwekee malengo. Ipo kampeni ya kimataifa inaitwa SME Climate Hub inazitaka biashara ndogo ziahidi kupunguza hewa ukaa kwa nusu ifikapo 2030 na kufika sifuri kabla ya 2050. Sawa, sasa mpelekee ahadi hiyo mama lishe wa Buguruni, Dar es Salaam, mwenye majiko matatu ya mkaa na mabenchi mawili, uone atakujibu nini.

Wanaopinga wana hoja na mimi siwabezi. Afrika nzima na watu wake zaidi ya bilioni moja haifikishi hata asilimia 5 ya hewa ukaa inayotoka kwenye viwanda na mafuta duniani, na sehemu kubwa ya hiyo ni ya Afrika Kusini na nchi za kaskazini zenye mafuta na gesi, kwa hiyo kumbana muuza wali maharage ni kumwonea tu. Halafu kuna suala la hela, na hapa ndo penye kesi yenyewe. Mkaa unanunulika kwa kopo, jana kauza vibaya leo ananunua kidogo, maisha yanaenda. Gesi inataka hela ya mkupuo. Mtungi ukikata saa tano asubuhi wali haujaiva na hela ya kujaza iko kwenye madeni ya mafundi wanaokula kwa daftari, basi wateja wote wanahamia kwa jirani mwenye mkaa wake, na mteja wa mchana akishahama kumrudisha ni shughuli.

Upande wa pili nao wanakwambia hili jambo limeshaanza kutoka kwenye hiari. Serikali ilishakataza kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034. Mama lishe wa kawaida hajafikia idadi hiyo, ila akitamani tenda ya kulisha shule ajue kule mkaa hautakiwi. Na mkaa wenyewe una siri mbaya, tanuri la kienyeji linaweza kumeza kilo sita, saba, hata kumi za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa, yaani hasara kubwa inatokea huko porini kabla gunia halijapakiwa kwenye fuso.

Mimi nasema tageti iwepo ila isiwe ya asilimia za kaboni, iwe ya makopo. Tena sio makopo kwa mwezi! Hapo ndo wengi wanapotea, maana ukihesabu kwa mwezi basi Ramadhani wateja wa mchana wakipungua utaonekana bingwa wa mazingira kumbe biashara imelala, na ukipata site mpya ya ujenzi ukauza mara mbili unaonekana umefeli. Hesabu makopo mangapi yameivisha kilo ngapi za maharage, andika kwenye daftari lile lile la madeni, wiki chache tu utajua unaanzia wapi. Bila hapo pa kuanzia hiyo "nusu ifikapo 2030" ni nusu ya nini?

Na kwa nini maharage? Kwa sababu ndo mla mkaa mkuu, yanakaa jikoni masaa mawili matatu. Yakilowekwa usiku kucha muda unapungua sana na hujatoa hata mia. Ukipata sufuria la umeme la presha, kilo moja ya maharage inaiva kwa chini ya uniti moja ya umeme, na uniti kwa tarifa ya kawaida ni kama shilingi 356, linganisha mwenyewe na kopo la mkaa la mtaani kwako. Wali wa watu wengi na chapati viache kwenye jiko lake kwanza, tageti moja chakula kimoja inatosha.

Gesi nayo tusiidanganyie, ile ya mtungi inatokana na mafuta na gesi ya ardhini, inakuja na meli, na kilo moja ikiungua inatoa kama kilo tatu za hewa ukaa. Bado naiona afadhali kuliko mkaa wa miti isiyopandwa tena, lakini kuiita mwisho wa safari ni kujifurahisha. Umeme una nafuu zaidi upande huo, hasa tangu bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115 liingie kwenye gridi.

Shida ya umeme ni kwamba fremu na vibanda vingi vinashea LUKU, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, saluni na fundi simu mnachanga pamoja, na siku utakayoingiza sufuria la umeme kila uniti zikiisha mapema utanyooshewa kidole wewe hata kama ni drayer ya saluni. Kwa hiyo kabla hujanunua sufuria, ongea na mwenye fremu uwekewe submita yako, yaani mita ndogo ya kupima umeme wako peke yako, gharama mgawane.