Si Mimi Niliyepiga Vigelegele

Kabla ile klipu haijafika kwa watu ninaowaheshimu, naomba isikike: si mimi niliyepiga vigelegele. Shoga yangu aliyeirusha kwenye makundi (najua unasoma hapa, na najua unacheka) ameiandikia juu, "Mwenzenu kakataliwa na chuo, kashangilia!" Mimi? Mimi nilikuwa nimeganda. Ile sura yangu pale pembeni, mdomo wazi, wengi wanadhani mtandao ulikwama. Mtandao ulikuwa mzima. Aliyekwama ni mimi.

Mnaonifuata siku zote mnajua habari ya maombi. Wageni, kwa ufupi: niliomba nafasi za uzamivu wa fasihi linganishi Marekani. Mwezi wa kumi na mbili unapeleka kila kitu, yaani maelezo ya nia, sampuli ya maandishi ya kurasa ishirini hivi, na barua tatu za mapendekezo. Kisha unanyamaziwa. Majibu huanza kudondoka mwishoni mwa Januari, yakaendelea hadi Machi, bila siku wala saa. Tarehe pekee ya uhakika ni 15 Aprili, nayo ni ya waliopata. Ndiyo siku yao ya mwisho ya kusema wanakwenda au hawaendi. Sisi wengine hatukutengewa tarehe. Na idara ikikuchukua hukulipia karo na posho ya kuishi miaka mitano au zaidi, kwa hiyo huchukua watu wa kuhesabu vidole. Darasa zima la mwaka linaweza kuenea kwenye lifti moja. (Mnaoniandikia kwamba ningejitahidi kwenye mtihani wa GRE wa fasihi, ule wa kuombea nafasi vyuo vya Marekani: uliachwa 2021. Hata mimi siwezi kufeli mtihani usiokuwepo.)

Februari ikanikuta nimeshakuwa kiumbe wa ajabu. Nazijua saa za New York kuliko za chumbani kwangu. Saa kumi na moja jioni huku, kule ndiyo saa tatu asubuhi, makarani wa idara wanaingia ofisini na roho yangu inaingia nao. Silali mpaka saa saba usiku, wanapofunga. Na kompyuta nikaiwekea mlio wa kengele, maalumu kwa barua pepe za vyuo tu, zisije zikapita nisijue.

Siku yenyewe kulikuwa na semina ya idara mtandaoni, na mwasilishaji ni mimi. Mada: taharuki katika hadithi za magazetini zinazotoka kwa sehemu, wiki hadi wiki. Ndiyo, taharuki. Chekeni tu. Mwenyekiti alikuwa Profesa wangu, mmoja wa wale watatu walioniandikia barua. Mama naye nilimtumia kiungo, maana alisema hajawahi kuniona "nikifundisha". Mama kuingia mtandaoni anajua. Kuzima maiki, bado.

Basi nimeshea skrini, nimefika slaidi ya nne, natamka kwa sauti ya kisomi kabisa kwamba mwandishi hodari humnyima msomaji jibu hadi dakika ya mwisho. Kengele ikalia. Pembeni mwa skrini, mbele ya idara nzima, kikachomoza kisanduku: kuna mabadiliko katika hali ya ombi lako.

Nikajikaza niendelee. Naambiwa nilirudia sentensi ileile kama kasuku mgonjwa. Profesa akakohoa.

"Mwanangu, hicho si kile chuo nilichokuandikia barua?"

"Ndicho, Profesa. Nitaangalia baada ya semina."

"Baada ya semina tutakuwa tumefanya nini hapa? Hakuna anayekusikiliza tena. Fungua."

Hivi kuna mtu anayemkatalia aliyemwandikia barua za mapendekezo, na huku mwakani huenda akaziomba tena? Nikafungua.

Sasa twende taratibu, maana klipu inaanzia hapa, na mimi niliishia hapa.

Kwanza kivinjari. Vile vichupo vya juu vilikuwa wazi vyote, vimejipanga kama mashahidi mahakamani, na Profesa ni mtu wa kusoma. Akavisoma. Kwa sauti. "'Kamati ikikaa kimya ina maana gani.' Mmh. 'Wanaokataliwa huambiwa mwanzo au mwisho.' Mmh. 'Maana ya kuota unapewa barua.'" Hiyo ya ndoto ndiyo iliyowaangusha watu vitini. "Na picha hii ya nani?" Ilikuwa ya mwenyekiti wa kamati ya udahili wa chuo chenyewe. Nilikuwa nimeikuza nione kama ana macho ya huruma. Nikasema ni ya utafiti.

Likaja la nenosiri. Ile tovuti haina subira, ukigeuka kidogo tu inakutoa nje. Kompyuta ikajaza yenyewe vidoti vyeusi, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikapeleka kishale kwenye "ingia". Lakini mkono ulikuwa unatetemeka. Badala ya "ingia" nikagonga kile kijicho cha pembeni. Mnakijua kile kijicho. Vidoti vikavua nguo, na idara nzima ya fasihi ikasoma:

NichukueniTu!1

Hakuna aliyesema kitu. Halafu mmoja, kwa upole kabisa, akauliza hiyo moja ya mwisho ni ya nini.

Na mimi nikamjibu, jamani. Nikamweleza kwamba mfumo unadai tarakimu. Unadai na alama.

"Kwa hiyo hiyo alama ya mshangao si hisia?"

"Si hisia."

Mungu anisamehe, ilikuwa hisia.

Barua ikaanza kufunguka. Nembo kwanza. Nembo ikakaa pale peke yake, inapendeza, inanitazama. Kisha jina langu. Kisha aya. Sasa, jicho la mwombaji halisomi kutoka juu kwenda chini. Linaruka kwenda kutafuta neno baya, na langu lilishalipata mstari wa tatu. Profesa yeye husoma kama anavyotufundisha, neno kwa neno bila kuruka. Na kwa heshima ya mzazi aliyekuwepo, akawa anatafsiri papo hapo.

"Kamati imemaliza kusoma ombi lako," akasema, "na imefurahishwa mno na kazi yako."

Akatua avute pumzi.

Kwenye kijidirisha chake, nikamwona Mama anasimama. Nikaona mkono unapanda kuelekea mdomoni. Nikaona ulimi. Lakini sikusikia kitu, kwa sababu mtandao wa Mama una tabia yake: picha inatangulia, sauti inakuja baadaye ikijisikia.

"Hata hivyo," Profesa akaendelea, na sauti yake ikaanza kushuka ngazi, "kutokana na wingi wa waombaji na uchache wa nafasi, kamati inasikitika kwamba haitaweza kukupa..." Hakumalizia. Kukawa kimya kile cha msibani, kila mtu anatafuta la kusema na kuomba mwenzake aanze.

Sauti ya Mama ikawasili.

Vigelegele. Virefu, vya harusini, vyenye kupanda na kushuka. Na ile programu, kwa kuwa humkuza anayesikika, ikamchukua Mama ikamjaza skrini nzima, macho kayafumba kwa raha, kanga inapepea. Kwa mbali jirani anauliza, "Kapata?" Mama, katikati ya pumzi: "Kapataaa!" Awamu ya pili ikaanza. Nikasema, "Mama, hapana." Profesa akasema, "Mama, samahani kidogo." Maneno yetu nayo yalikuwa njiani, yanamfuata polepole. Na kuna ndugu mmoja alikuwa ameondoka kwenda kunywa maji. Akarudi, akakuta shangwe, akaandika "Hongera sana!!!" Walioona hongera nao wakaongeza hongera zao.

Niliyasoma yote. Moja baada ya jingine. Skrini bado nimeishea.

Yaliyobaki yapiteni haraka kama nilivyoyapitia mimi. Mama alipoelewa alizima kompyuta nzima badala ya maiki. Mimi nikarudi slaidi ya nne, na sina kumbukumbu ya slaidi ya tano. Wakati wa maswali, swali lilikuwa moja tu: je, kuna vyuo vingine bado hawajajibu? Wapo. Lakini Mama alikuwa ameshatangaza kwenye kundi la ukoo, mashangazi wamenitumia sala za shukrani, nimeona nisizikanushe, huenda chuo kingine kikazitumia. Chuo chenyewe kesho yake kikanitumia dodoso, kuanzia moja hadi kumi niliridhika kiasi gani na mchakato. Nenosiri nimebadilisha, na hapana, sisemi.

Profesa alinipigia jioni. Hakunipa pole. Alisema ameirudia ile barua kichwani na imeandikwa kwa ufundi: sifa kwanza, halafu matumaini yanaachwa yapumue, ndipo linakuja pigo. Anaomba nimtumie nakala awafundishie mwaka wa kwanza somo la taharuki. Jina langu atalifuta.

Nimemtumia.