Hiyo Si Pesa, Mzee, Hiyo Ni Chenji

Nimeishi Mwanza miaka sita, mimi mtu wa Mombasa niliyeletwa huku na kazi ya kutengeneza mitambo ya barafu katika kiwanda cha samaki, na kwa miaka yote sita nimedaiwa chenji kuliko nilivyodaiwa kodi ya nyumba. Asubuhi konda wa daladala hunishika noti yangu ya elfu kumi kwa ncha za vidole, akaiinua juu abiria wote waione, na kuniuliza kama kweli mtu mzima anaweza kutoka nyumbani kwake na kitu cha namna hiyo kabla jua halijapanda. Jioni mwenye duka wa mtaani kwetu Mabatini hufungua droo, akaitazama kwa huzuni ya mfiwa, akaifunga, kisha akanisukumia pipi mbili badala ya shilingi mia mbili. Sili pipi. Jino la mwisho la upande wa kushoto liling'olewa mwaka juzi, na sina shaka kwamba liliuawa na upungufu wa sarafu.

Ndiyo maana niliamini kwamba siku nitakapojitokeza na sarafu kilo nane, jiji hili la miamba litanipokea kwa vigelegele.

Sarafu zenyewe zilitoka katika kibubu. Kwa Watanzania kibubu ni kile kisanduku cha mbao chenye tundu juu na kisicho na mlango, na jina hilo linakifaa sana, kwa sababu ni bubu mdogo kweli: unamlisha kila siku, hakwambii ameshiba kiasi gani, na akitakiwa kutoa ushuhuda lazima apasuliwe kwa nyundo. Kila jioni nilimwaga humo chochote kilicholia mfukoni, nikiwa nimeapa kwamba hizo ndizo zitakazonipeleka kwetu Mombasa kwa mapumziko. Nilipokata tikiti ya basi la Ijumaa la kupitia Musoma na Tarime hadi mpakani Sirari, nikapasua.

Sasa mtu ataniuliza kwa nini sikuondoka nazo hivyo hivyo. Ni kwa sababu sarafu, tofauti na noti, haina pasipoti. Noti ya Tanzania ukiifikisha mpakani utapata wa kuibadilisha, hata kama bei yake itakuumiza; sarafu hakuna anayeitaka, awe benki, duka la fedha za kigeni au wale vijana wanaosimama na mabunda mkononi. Ikishavuka inakuwa chuma cha kuchezea watoto. Marehemu nyanya yangu (huku nikisema "nyanya" watu huangalia kapu la sokoni) alikuwa na mkebe mzima wa sarafu alizoletewa na wanawe mabaharia, na kazi yake pekee ilikuwa kuuzuia mlango usifungwe na upepo.

Mwenye nyumba wangu, Mama Kulwa, alikuja kunisaidia kuhesabu pamoja na wajukuu zake pacha, Kulwa na Doto, na hapo ndipo umeme ulipokatika. Tuliendelea kwa mwanga wa simu. Watoto wale hawasomi bado vizuri tarakimu za pembeni, kwa hiyo walizichambua kwa wanyama, na lazima nikiri kwamba Benki Kuu imewarahisishia kazi: nyati ni mia tano, simba ni mia mbili, swala ni mia, na kifaru na mtoto wake ni hamsini. Chumba kizima kikawa Serengeti. "Bibi, huyu nyati amekaa kwa swala!" "Mtoe, atawakanyaga!" Tatizo ni kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2018 sarafu mpya za Kenya nazo zimewekwa wanyama, na mimi katika miaka sita ya kwenda na kurudi nilikuwa nimelisha kibubu fedha za nchi mbili bila kuangalia. Kifaru wa Kenya ni shilingi tano. Simba wa Kenya, ambaye sarafu yake ni ya rangi mbili, ni shilingi kumi, na kwa kuwa shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi ishirini za huku, simba mmoja wa kwetu anakaribiana thamani na wale simba wawili walioko kwenye mia mbili ya Tanzania, jambo ambalo nilimweleza Mama Kulwa kwa fahari na ambalo yeye hakuliona kuwa na maana yoyote. Tuliwatoa vifaru wawili wa Kenya na simba mmoja. Doto alishikilia kwamba simba wa rangi mbili walikuwa wawili. Nilimwambia alale.

Hesabu ilitoka hivi: nyati 212, simba 341, swala 380, na vifaru 48, jumla shilingi 214,600. Mama Kulwa akasema zile 4,600 zinaharibu hesabu, akazifunga katika ncha ya kanga yake, na mjadala ukaishia hapo. Nikabaki na 210,000 ndani ya kiroba cha unga, nikalala usingizi wa tajiri.

Kulipokucha nilianza na mwenye duka wa pipi, kwa kuwa nilitaka awe wa kwanza kunufaika. Nilimpa mwangaluka, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kwa heshima, nikakiweka kiroba juu ya kaunta, na kikatoa ule mlio ambao nilidhani ungemliza kwa furaha. Aliniangalia, akaangalia kiroba, akaniambia kwamba chenji anayo ya kutosha. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu leo. Nilinunua sabuni moja kwa noti, kwa makusudi kabisa, ili nimwone akitoa hiyo chenji ya kutosha, naye akanipa iliyokuwepo na pipi moja juu yake.

Wakala wa pesa kwa simu alinijibu kwa adabu zaidi. Alinieleza kwamba mteja akija kutoa elfu hamsini, akahesabiwa swala mia tano, atapiga kelele mpaka polisi waje. Sikuwa na hoja ya kumjibu.

Benki nilikwenda mbili. Ya kwanza niliambiwa kwamba huduma hiyo ni ya wenye akaunti. Ya pili, ambako ndiko mshahara wangu unakopitia, nilipanga foleni saa moja na nusu nimekumbatia kiroba kama mama aliyeleta mtoto kliniki, na nilipofika dirishani yule binti alinisikiliza vizuri, akanipongeza kwa utamaduni wa kujiwekea akiba, kisha akanieleza kwamba sarafu zinapaswa kupangwa aina kwa aina katika mifuko yenye idadi kamili, na kwamba hata zikipangwa mashine ya kuzihesabu ni mbovu, kwa hiyo nirudi Jumatatu. Jumatatu mimi nitakuwa Mombasa. Akaniambia, "Basi baba, safari njema," na akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Mtu mmoja kwenye foleni alinishauri niende Benki Kuu yenyewe, kwani ina tawi hapa hapa Mwanza. Kwa haki hilo lilikuwa wazo zuri, maana wao ndio waliozitengenezesha, na ni wao walioleta sarafu ya mia tano mwaka 2014 kwa sababu noti yake ilikuwa inapita katika mikono mingi mno na kuchakaa haraka. Ila mimi nina aibu ya asili, na niliona siwezi kusimama mbele ya askari mwenye bunduki, kwa lafudhi yangu ya Kikenya, nikamweleza kwamba kile kizito kilichomo ndani ya kiroba cha unga si kitu kibaya.

Nikaishia stendi ya Buzuruga kwa muuza chenji. Kwa wasiomjua, huyu ni kijana mwenye benchi na sanduku, ambaye alfajiri makonda humfuata kununua sarafu: konda anatoa noti ya elfu kumi, kijana anampa fungu la sarafu za elfu tisa na mia tano, na ile mia tano inayobaki ndiyo riziki yake. Nikafikiri, kama huyu anauza elfu tisa na mia tano kwa elfu kumi, basi mimi ninayemletea mzigo hadi mlangoni nitauza elfu kumi kwa elfu kumi, na ikiwezekana nitapewa na chai.

"Elfu kumi nachukua kwa elfu tisa na mia tano, mzee."

Nilimwambia pengine hakunielewa, kwamba mimi ndiye ninayeleta chenji, sio ninayetaka chenji.

"Nimekuelewa, mzee. Anayetaka nakata, anayeleta nakata."

Nilimweleza kwa utulivu kwamba kila sarafu ile imeandikwa thamani yake, kwamba mia tano tatu na mia tano kumi na saba zikikutana ni elfu kumi kwa sheria za nchi na kwa hesabu za darasa la pili, na kwamba pesa ni pesa. Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kama daktari anayemwambia mtu jambo la kusikitisha.

"Hiyo si pesa, mzee. Hiyo ni chenji."

Basi langu lilikuwa la alfajiri kesho yake. Niliuza. Vidole vya kijana yule vilipanga vijinara vya sarafu kumi kumi kwa kasi ambayo mashine ya benki, hata ikiwa nzima, isingeifikia, na mafungu ishirini na moja kwa elfu tisa na mia tano yakafika 199,500. Akanihesabia 199,000. Nilimkumbusha mia tano. Akatazama sanduku, akatazama mafungu yangu ishirini na moja yaliyojaa benchi zima, akasema, "Mia tano sina hapa, mzee. Hizi zimeshafungwa, nikifungua moja naharibu hesabu."

Nilipanda daladala kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. Mfukoni sikuwa na sarafu hata moja, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, na nauli nikaitoa kwa noti ya elfu kumi. Konda aliiinua juu abiria waione. Kisha akaruka chini, akakimbia hadi kwenye benchi lile lile, akarudi na fungu ambalo ningelitambua hata gizani, akanihesabia baki langu pungufu ya mia tano. "Chenji nimenunua, mzee," alinieleza, "na siwezi kuingia hasara kwa ajili yako."

Sikujibu. Nilikuwa nahesabu kiganjani, na kati ya simba wa Tanzania nikamwona mmoja wa rangi mbili, peke yake, ananitazama. Muuza chenji mzoefu kama yule hawezi kuwa hakumwona. Naamini alimwona vizuri, akamtia katika fungu la mtu asiyehesabu, na konda naye akamfikisha kwa anayestahili. Abiria wa kiti cha pili aliniambia nimrudishe, hiyo si pesa ya hapa. Nilimwambia ninajua, nikamtia simba katika mfuko wa shati na kufunga kifungo, kwa kuwa ndiye pekee kati ya wote 981 aliyekuwa na haki ya kuvuka Sirari pamoja nami, na Mombasa shilingi kumi huwa ni kumi.

Nilipofika nyumbani Doto alikuwa mlangoni. Nilipita upande wa jikoni.