Soseji za Ujerumani, smokie za Kondele

Kila nikipiga simu Kisumu, shangazi hunihimiza nirudi nikale chakula safi, eti huku Ujerumani tunalishwa dawa. Nusu ya maneno yake ni kweli. Hapa Dortmund chakula cha jioni cha wengi ni mkate, siagi na vipande baridi vya soseji, na ukienda buchani na mtoto, muuzaji humkatia kipande cha bure. Ukarimu huo sikatai. Lakini ile rangi ya waridi haiji yenyewe: nyama imetiwa chumvi yenye nitriti, kihifadhi cha nyama, ile E250 ya kwenye lebo.

Tumboni, penye asidi, nitriti hukutana na amini zitokanazo na protini, zikaungana kuwa nitrosamini. Nyingi kati ya hizo zimesababisha saratani kwa wanyama wa maabara. Madini ya chuma yaliyo kwenye nyama nyekundu nayo huchochea muungano huo huo huko chini utumboni. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka nyama ya kusindikwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani: ukila gramu 50 kila siku, hatari ya saratani ya utumbo mpana hupanda kwa takriban asilimia 18. Yaani asilimia 18 juu ya hatari uliyokuwa nayo, si watu 18 katika kila mia, kama wanavyopenda kutisha watu kwenye WhatsApp.

Ila watu wa huku wakishtuka, hurekebisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Heidelberg walikuta nitrosamini kwenye bia, na bia hapa si mchezo. Chanzo kilikuwa kimea cha shayiri, kilichokuwa kikikaushwa kwa hewa ya moto iliyochanganyika na gesi za kichomeo. Viwanda vikabadili ukaushaji, kiwango kikaporomoka, watu wakaendelea kunywa.

Sasa nenda Kondele, mtaa wa kwetu Kisumu, jioni. Smokie, ile soseji ndogo ya kwenye vigari, nayo ni nyama ya kusindikwa, tena huliwa na watoto wa shule, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza mwenye kigari imewekwa nini. Afadhali ile kachumbari inayopachikwa katikati. Hiyo ningeomba mara mbili.

Ninapogombana na shangazi ni nikija likizo. Asubuhi naandaliwa soseji zilizokaangwa hadi zikakauka, kwa heshima ya mgeni, huku osuga, yaani mboga ya mnavu, ikiachwa jikoni kana kwamba ni aibu ya nyumba. Mafuta yenye moto mkali yenyewe huongeza nitrosamini, na hilo kwenye bekoni linajulikana siku nyingi.

Kweli, mboga za majani zina nitrati nyingi kuliko soseji, na bakteria wa ulimini huigeuza kuwa nitriti. Lakini jani huja na vitamini C, ambayo huiwahi nitriti kabla haijazifikia amini. Basi tusiichemshe osuga saa nzima na kumwaga maji. Vitamini C nyingi huenda nayo. Na tukumbuke matunda. Pera lina vitamini C kulishinda chungwa, ila kwetu linaozea chini ya mti huku mtoto akinunuliwa juisi ya pakiti.