Mnaivua baiskeli kila kitu, kisha mnasema haifai

Kamwene, ndugu zangu. Huku Uholanzi saa zimerudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba kama kila mwaka, na sasa watu wanatoka kazini giza limeshaingia na mvua inanyesha. Chini ya stesheni ya Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500. Simama pale mlangoni jioni uangalie zinavyotoka. Zipo ambazo taa zinawaka zenyewe, mwenyewe hajagusa kitu. Gurudumu likishazunguka, dainamo iliyomo ndani ya habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, inatoa umeme, taa mbili zinawaka, na mama wa watu anaondoka na mtoto mbele, mboga nyuma, gauni halina doa.

Kinachoniudhi ni majibu ya kwetu Nyanda za Juu Kusini ukituma picha ya baiskeli kama hiyo. "Hiyo ya mzee katekista." "Makorokoro yote hayo ya nini?" Na la tatu nalijua kabla halijaandikwa: kaenda Ulaya juzi, leo anatufundisha baiskeli sisi tuliokulia juu yake.

Sifundishi mtu. Baiskeli yenye kila kitu tulikuwa nayo sisi. Phoenix na Avon za zamani zilikuwa na madigadi mawili ya chuma, kava la cheni, keria, stendi, kengele, na wengi walifunga dainamo ya kusugua tairi. Gurudumu la nyuma lilikuwa na spoku 40 na la mbele 32, maana aliyeziunda alijua mzigo unakaa nyuma. Keria nyingi za huku zimeandikwa mwisho kilo 25. Mpeni Mholanzi madumu manne ya ulanzi ya lita ishirini ishirini ayapandishe kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, muone. Fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa, Mbeya, anatengeneza keria ya nondo ambayo hapa hakuna duka linaloweza kukuuzia. Kwa hiyo dharau sina, nawaambia wazi.

Lakini tazameni tunachofanya. Huku taa na madigadi ni sehemu ya baiskeli kama yalivyo magurudumu. Kwetu ni vitu vya kung'oa. Baiskeli ya mtumba inafika kutoka Japani na kapu lake, kufuli la gurudumu la nyuma, kava la cheni na dainamo. Haipiti muda, waya umekatwa, kava limetupwa, madigadi yametolewa ili ifanane na za mashindano. Kisha masika yanaingia, mwenye nayo anachafuka hadi mgongoni, cheni inalia, na anahitimisha kwamba baiskeli ni usafiri wa shida, heri bodaboda.

Ukiuliza kava la cheni limetolewa kwa nini, utaambiwa linapiga kelele. Kelele inatokana na kipande kinachoshika kava kupinda likaanza kugusa mkono wa pedeli. Legeza nati, linyooshe kwa mkono, ongeza washa moja (kile kibati cha duara chenye tundu) upande wa fremu, kaza. Ni kazi ya dakika chache inayookoa cheni. Kava likifunika juu tu linasaidia nguo. Likifunga pande zote, vumbi la kiangazi na tope la masika havifiki kwenye mafuta, na cheni inadumu muda mrefu zaidi. Mwanamke aliyevaa kitenge anahitaji kitu kimoja zaidi, wavu au bamba la pembeni ya gurudumu la nyuma. Khanga ikiingia kwenye spoku mtu anaanguka chini, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Huku kizuizi hicho ni cha kawaida kabisa. Kwetu, kwenye nguo ndefu kuliko za huku, hakipo!

Kwenye madigadi nawapa haki yenu, wa Njombe na wa Rungwe. Udongo wenu ukilowa unanata, unajaa kati ya tairi na bati mpaka gurudumu linagoma. Lakini dawa yake ni nafasi. Kati ya tairi na digadi pawe na upana wa vidole viwili, na kama hapatoshi, lisogeze digadi mbali na tairi kwa vyuma vyake, au funga tairi jembamba zaidi. Na digadi la mbele lina kazi kubwa kuliko la nyuma. Tope linalokula cheni na beringi za pedeli linarushwa na gurudumu la mbele. Kata kipande cha mpira wa tairi bovu, kifunge kwa bolti mbili mwisho wa digadi la mbele, kining'inie hadi kama sentimita kumi kutoka ardhini. Viatu vitabaki vikavu, cheni itapona.

Taa ndizo zinazoniumiza zaidi. Barabara ya kwenda Tunduma ina malori usiku kucha, na pembeni mwake, Mafinga, Makambako, Igawa, kuna watu wanarudi makwao bila hata kiakisi kimoja. Mnasema dainamo zinakufa. Zile za kusugua tairi nyingi hazijafa. Zina waya mmoja tu, umeme unarudi kupitia fremu, kwa hiyo rangi au kutu kwenye kile kiskrubu cha kushikia inakata njia. Kwangua mpaka chuma king'ae, au bora zaidi, vuta waya wa pili. Ikiteleza kwenye mvua, angalia mhimili wake kama unaelekea katikati ya ekseli. Ukipinda, inateleza na kula tairi. Na balbu ya mbele haikuungua bure. Ya nyuma ilitangulia, umeme wote ukaenda mbele, na mteremko ukamalizia. Siku hizi taa za LED za dainamo zinavumilia hayo, na zenye kapasita, kile kifaa kidogo kinachotunza umeme, zinaendelea kuwaka hata ukisimama.

Mtanijibu, "Huko tambarare, huku milima." Kweli. Kama una meno 44 mbele na 18 nyuma kwenye gurudumu la inchi 28, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 5.4. Weka 22 nyuma, zinakuwa 4.4, na utausikia mlima umepungua. Ongeza pingili mbili za cheni, au sogeza gurudumu mbele kama nafasi ipo. Habu ya gia tatu ya chapa ya Sturmey-Archer, ambayo ipo duniani tangu mwanzoni mwa karne ya 20, inakupa gia moja nyepesi kwa robo na nyingine nzito kwa theluthi kuliko ile ya katikati, na yote iko ndani, tope haliioni. Kwenye breki ndipo vya huku vinashindwa. Breki za ndani ya habu hazijali mvua, lakini kwenye mteremko mrefu kama wa Iwambi kwenda Mbalizi zinachemka na kulegea. Mbele fungeni breki ya kubana rimu, na rimu iwe ya aluminiamu, maana rimu ya kromu ikilowa haishiki.

Mwingine atasema vyote hivyo vitaibwa. Dainamo ya habu imesukwa ndani ya gurudumu, haing'oki kwa spana moja. Bolti ya kichwa chenye tundu la pembe sita, tumbukiza gololi ndogo inayobana humo kisha ufunge kwa gundi. Mwizi hana muda wa kuichokonoa, na wewe siku ya matengenezo unaitoa kwa sindano ya moto. Kufuli la gurudumu peke yake halitoshi popote, hata huku. Pitisha mnyororo kwenye fremu na nguzo, kisha ndipo ufunge.