Sauti ya simu haimfunzi mtoto kusoma
Kuna makala niliyoyasoma yanayodokeza kwamba simu inayosoma kwa sauti yaweza kuchukua nafasi ya breli (maandishi ya nukta ambayo wasioona husoma kwa vidole) katika madarasa ya chini hapa Nairobi. Mimi niliyewahi kuwafundisha watoto wasioona sikubaliani nayo, kwa kuwa mtoto anayesikiliza tu hajui kama "kwa sababu" ni neno moja au mawili, ilhali vidole vinavyopapasa nukta humfunza tahajia. Tena kazi ya kufunza breli huanza kabla ya herufi, kwa kuvizoeza vidole kupapasa: kutunga shanga na kuchambua maharagwe na mahindi (mazoezi ambayo wazazi wengine huyaona mchezo mtupu). Baadaye, kwa kibao na kalamu ya kutobolea, mtoto huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nukta hutokeza upande wa pili, kisha huigeuza karatasi ndipo asome. Hapo mwalimu asiyeijua breli hukwama kabisa.